Joho la Dugil Juu ya Ukuta

Ukuta wa Gamunyo ulijengwa na wanawake. Wanaume waliobaki kijijini walikuwa wazee wasioweza kuinua jiwe. Wengine walikuwa mlimani, gerezani, au chini ya udongo wa mashamba ya viazi. Kwa hiyo, majira yale ya baridi ya mwaka 1948, ilipotoka amri kwamba kila kijiji cha pwani kijizungushie ukuta ili watu wa mlimani, yaani waasi na waliojificha huko, wasishuke kuchukua chakula, wake na wajane wa Gamunyo ndio waliobomoa kuta za mashamba yao wenyewe, hata zile zilizozunguka makaburi. Waliyabeba mawe meusi mgongoni, ndani ya vikapu walivyozoea kubebea mwani. Ukuta ulipokwisha wakapewa mikuki ya mwanzi, wakaambiwa sasa waulinde.

Kabla ya mambo hayo, Jeju, kisiwa kile cha kusini mwa Korea, kilikuwa na utaratibu wake. Mwanamke alikuwa na bahari. Mwanamume alikuwa na plau, farasi, na wafu. Mwanamke akizama akaibuka na makome, hakuna mwanamume aliyemfundisha habari za bahari. Na mwanamume akimwita marehemu baba yake aje ale, mwanamke alikaa jikoni, akapitisha vyombo mlangoni na kunyamaza. Leo wajukuu wa watu hao wanatambika saa ya chakula cha jioni, si usiku wa manane kama zamani, ili wawahi basi la mwisho la kurudi mjini. Vyakula wanavinunua dukani vikiwa vimekwisha kupangwa kwenye sinia, na ukiwauliza babu yao aliitwa nani, wanatazamana. Wakati ule tambiko lilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kufia, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Hyeon Wolson.

Mume wake, Ko Dugil, aliondoka vuli ile malori ya polisi yalipoanza kuzoa vijana. Majirani waliambiwa amekwenda Osaka, Japani, kutafuta kazi kiwandani. Ukweli ni kwamba alipanda mlimani akiwa na gunia la shayiri na blanketi, kwa sababu kwenda mlimani kulikuwa na nafuu kidogo kuliko kwenda kituoni. Hakuwa na bunduki wala hakuwa na siasa. Alikuwa na miguu tu. Kabla ya kutoka alisimama kizingitini, akamtazama binti yao Kyongja aliyekuwa amelala, akasema, "Tambiko la baba nitakuwepo. Liwe liwalo."

Dugil alikuwa mtoto pekee wa kiume wa marehemu. Mwanamume wa namna hiyo akisema atakuwepo kwenye tambiko la baba yake, humwambii asije.

Sasa tambiko lilikuwa keshokutwa, na Wolson alikuwa tayari kutoa chochote ili mumewe asije. Vijiji vya juu vilikuwa vimechomwa. Aliyeonekana nje ya ukuta alipigwa risasi bila kuulizwa jina, hivyo hapakuwa na wa kumpelekea neno. Na katika kijiji cha pili, mwezi uliopita, mtu mmoja aliyekuwa mafichoni alishuka kumtambikia mama yake. Polisi walimkuta amepiga magoti mbele ya meza. Walimwua yeye, mkewe, watoto wake, na bibi wa jirani aliyekuja kusaidia kukaanga samaki. Waliokwenda kuzika walisema wali mezani ulikuwa bado unatoa mvuke.

Siku hiyo Wolson alikuwa zamu ukutani pamoja na Jwa Kumdan, mjane aliyekuwa kiongozi wa wapiga mbizi wa kijiji, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kuvuka mawimbi.

"Mama Kyongja," Kumdan alisema, "mkuki huo umeushika kama mwiko. Adui akija utamkoroga?"

"Dada, keshokutwa ni tambiko la baba mkwe."

Kumdan akaacha kucheka. Alitazama nyuma yake, kisha akasogea karibu. "Atakuja?"

"Alisema atakuja."

"Ah, wanaume hawa! Mimi wangu nilimwambia asirudi kuchukua viatu. Akarudi kuchukua viatu." Akatema mate upande wa nje wa ukuta. "Nani mwingine anaikumbuka siku hiyo?"

"Nyote. Si mmekula mikate yake kila mwaka?"

"Mimi sisemi, hata waning'oe meno."

"Chilbok naye alikula," Wolson akasema.

Ilikuwa desturi ya Gamunyo, asubuhi baada ya tambiko, sahani kuzungushwa nyumba hadi nyumba: kipande cha mkate wa mchele, samaki, nyama kama ipo. Hivyo ndivyo kila mtu alivyojua siku za wafu wa kila mtu. Kang Chilbok alikuwa mtoto wa mwanamke maskini kuliko wote kijijini, na sahani hizo ndizo zilizomkuza. Sasa alikuwa askari msaidizi wa polisi, amevaa kofia isiyomtosha, na alikuwa akizitaja siku zile moja moja kwa mkuu wake kituoni, Sajenti Pyo.

Asubuhi iliyofuata walikuja wote wawili. Wolson aliwasikia kabla hajawaona, kwa sababu uani kulikuwa kumejaa vibanda vya watu waliofukuzwa vijiji vya juu, na sauti za watu hao zilizimika zote kwa mara moja.

"Shemeji!" Chilbok aliita kwa uchangamfu. "Hodi hodi! Mwaka huu nitanyimwa mkate wa mzee?"

Sajenti Pyo hakubisha hodi. Alikuwa mtu wa bara, wa kaskazini kabisa, aliyekimbia kwao baada ya shamba la baba yake kunyang'anywa. Tangu afike Jeju, kila mwenyeji alikuwa machoni mwake yule aliyemnyang'anya. Aliinama, akafunua chungu kimoja kimoja jikoni kwa ncha ya bunduki. Chakula kingi kuliko midomo ya nyumba kilikuwa kosa, maana kilimaanisha kuna mdomo mwingine mahali fulani. Katika chungu cha tatu alikuta mchele mweupe, kiasi cha bakuli moja.

"Huu wa nani?"

Wolson alikuwa amekesha akiyapanga maneno hayo, nayo yakatoka. "Wa marehemu baba mkwe, Afande. Tambiko lake ni kesho. Usiku taa zimekatazwa, na kesho nina zamu ukutani, kona ya juu, siruhusiwi kuacha lindo. Naomba ruhusa nitambike palepale zamuni, mchana."

"Mumeo yuko wapi?"

"Osaka, Afande."

"Basi nani atasujudu?"

"Mimi."

Chilbok akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Wewe! Shemeji, utamwua mzee mara ya pili!" Halafu akamgeukia Sajenti, wala hakujisumbua kushusha sauti. "Mwache, Afande. Tambiko la mwanamke ni mchezo wa watoto wa kupikia mchanga. Halihesabiki. Ikiwa Dugil yuko Osaka, basi hakuna tulichopoteza. Ikiwa yuko karibu, atajua kwamba baba yake hajala, na usiku atashuka kufanya lenyewe. Namjua, nimekua naye."

Sajenti alifikiri kidogo, akirusha punje za mchele kutoka kiganja hadi kiganja. Kisha akazirudisha chunguni, zote. Kule kuzirudisha kulimtisha Wolson kuliko kama angezimwaga.

"Tambika," alisema. "Kesho usiku mimi na vijana tutalala hapa kwako. Nataka kuuonja huo mkate."

Walipoondoka, Wolson alikaa chini jikoni. Si kwa sababu ya Sajenti. Ni kwa sababu Chilbok alikuwa amesema kweli. Nia yake yote ilikuwa moja: Dugil auone mlo wa baba yake ukitolewa mchana, kutoka kilima kilichopo nyuma ya kijiji, ambako mtu wa mafichoni angejibanza kungojea giza. Marehemu haitwi mara mbili kwa siku moja. Akishakula amekula, na Dugil angerudi alikotoka. Lakini akiona sketi na kilemba cha mwanamke juu ya ukuta? Wolson aliisikia kabisa sauti yake: wanawake wamefanya walivyoweza, ngoja nikamlishe baba. Angeshuka, akafungue mlango, akute bunduki.

Lazima aone mwanamume.

Akafungua kasha na kutoa joho jeupe la Dugil la kutambikia, na ile kofia nyeusi ya singa za farasi. Kisha akavuka ua, akapita kati ya vibanda, hadi kwenye chumba cha Ko Byonghu.

Mzee huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Watoto wake wawili wa kiume walipigwa risasi ufukweni vuli ile, na tangu siku hiyo alikuwa akisuka kamba za kufungia nyasi za paa ambalo halikuhitaji kuezekwa. Yeye mwenyewe hakuweza kumtambikia ndugu yake, maana mkubwa hamsujudii mdogo, hata mdogo akiwa amekufa. Desturi haikuacha hata ufa mmoja wa kupenya.

Wolson alipiga magoti nje ya mlango. "Baba Mkubwa, kesho naomba usimame nami ukutani. Unimiminie kinywaji, na usome maneno."

"Nimmiminie nani?"

"Mimi."

Mikono ya mzee ikasimama juu ya kamba. Hakukasirika kwa kelele. Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mke wa mtu hamwiti baba wa mtu. Hujui njia aliyopita, wala hukutoka kwenye mfupa wake. Utasimama pale uite, na hakuna atakayekuja. Afadhali alale njaa mwaka mmoja."

"Akilala njaa, Dugil atakuja kumlisha."

Nje, mtoto wa mtu alikuwa akikohoa.

"Tafuta mwanamume," alisema mwishowe, na aliposema hivyo uso wake ukakunjamana, kwa kuwa alijua vizuri kuliko Wolson kwamba hakuna.

"Sajenti atalala nyumbani kwetu, Baba Mkubwa. Mimi, na Kyongja, na wao."

"Na kusujudu unajua wapi wewe?"

"Nimewaona kutoka jikoni miaka yote."

"Umeona migongo."

"Dugil naye, kutoka kilimani, ataona mgongo," Wolson akasema.

Mzee akaichukua kamba yake akaendelea kusuka. Wolson alingoja hadi magoti yakafa ganzi, kisha akaenda zake.

Siku ya tambiko upepo ulikuwa mkali na mbingu nyeupe, bila kivuli chochote mlimani. Wolson alipanda ukuta na meza ndogo kichwani: wali, supu ya mwani, samaki mmoja aliyekaushwa, mikate mitatu ya mchele myembamba kama ganda la yai. Kumdan alikuwa tayari kule juu, akazuia upepo kwa mgongo wake mpana.

"Ningevaa mimi hilo joho," alisema, akimsaidia kufunga kamba za kofia kidevuni, "lakini makalio haya yangeonekana toka Osaka. Inua kidevu. Si hivyo, umekuwa kama bibi harusi. Tembea kama una deni na hutaki kulilipa. Eeh! Sasa ni Dugil mtupu."

Wolson hakuweza kucheka. Chini ya ukuta, upande wa ndani, watu walikuwa wamekusanyika. Chilbok alikaa juu ya jiwe na bunduki mapajani kama mtu aliyekuja kutazama ngoma. Wapiga mbizi wenzake Wolson waliinamisha macho. Bibi mmoja alisema "Aibu gani hii" mara kwa mara, si kwa hasira, bali kama mtu anayeguna kwa maumivu ya jino. Upande wa nje kulikuwa na mashamba yaliyoungua na kile kilima. Wolson alijikataza kukitazama. Angekitazama mara moja tu, Chilbok angejua.

Akawasha udi, upepo ukauzima. Akawasha tena. Akamimina kinywaji mwenyewe, jambo ambalo mtambikaji halifanyi, na tone likaanguka juu ya jiwe. Mtu aliye mbali angeona nini? Angeona mtu mmoja mpweke anayefanya kazi ya watu wawili. Angejua kuna kasoro.

Mawe yakagongana nyuma yake. Ko Byonghu alikuwa anapanda ukuta, amevaa joho lake mwenyewe lililojaa alama za mikunjo, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alipofika juu alipumzika, akiwa amepinda kama jembe. Hakumtazama Wolson. Alipiga magoti kushoto mwa meza, akachukua chupa kutoka mkononi mwake, akamimina. Mzee wa ukoo wa Ko, aliyewahi kumfukuza mke wake mwenyewe chumbani kwa kukanyaga mkeka wa tambiko, alimwinulia mwanamke kikombe kwa mikono miwili.

Pale chini hata yule bibi wa aibu alinyamaza.

Wolson akasujudu. "Mkono wa kushoto juu," mzee alinong'ona bila kusogeza midomo. "Huko ni kusujudu kwa kike. Kushoto juu. Na inuka mara moja, usijikokote." Akainuka mara moja. Akashuka tena, paji la uso likagusa jiwe baridi, na hapo chini, ambapo hakuna aliyeuona uso wake, ndipo alipoomba. Hakumwomba marehemu baraka wala mavuno. Alimwambia: Baba, kama umekuja, mzuie mwanao. Kama hukuja, basi mzuie huko huko uliko.

Mzee akafungua maneno ya kuita. Aliyasoma kwa sauti ya zamani, ile ya kupandisha na kushusha, ambayo leo hakuna aijuaye. Alipofika mahali pa kutaja jina la anayetoa, ambapo kila mwaka hutamkwa "mwanao Dugil", akasita. Chilbok aliinua kichwa.

"Mke wa mwanao," mzee alisoma, "wa ukoo wa Hyeon, anakuletea."

Jina la Hyeon lilikuwa halijawahi kutajwa mbele ya wafu wa Ko. Wolson alihisi kama amevuliwa nguo.

Tambiko lilipokwisha, mzee alikifunika kikombe na kushuka peke yake. Baadaye, wakati wa amani, wazee wa ukoo walipomwita kwenye vikao hakwenda tena. Alisema amekula aibu ya ukoo mzima kwa kikombe kimoja na hana nafasi ya kula nyingine. Chilbok alipiga makofi kutoka kwenye jiwe lake. "Mchezo mzuri! Sasa tungoje mwenye joho."

Walikuja jua lilipozama, Sajenti na vijana wanne, wakaingia na viatu. Walizima moto wa jikoni, wakamkalisha Wolson gizani, Kyongja mapajani mwake. Aliambiwa mtoto akilia atanyamazishwa. Basi alikaa, kiganja chake kikiwa karibu na mdomo wa mtoto, akisikiliza upepo ukitikisa kamba za paa, na kila kamba ilikuwa mguu wa Dugil. Panya akipita, ni Dugil. Wimbi likivunjika, ni Dugil anakohoa. Alimwita moyoni kwa matusi ambayo mwanamke wa Jeju hajawahi kumtukana mumewe: mbwa wewe, punda wewe, usije.

Hakuja. Kulipokucha, Sajenti Pyo alisimama, akajinyoosha, akala mkate mmoja, akautafuna hadi ukaisha. Kisha akamzaba Chilbok kofi lililoangusha ile kofia isiyomtosha.

"Ulisema unamjua."

Wolson alikaa palepale muda mrefu baada ya wao kwenda. Alifikiri furaha itakuja. Badala yake likamjia swali. Mtu ambaye angekuja liwe liwalo hakuja; basi ameona, au ameshakufa?

Akaishi na swali hilo majira yote ya baridi. Alizama baharini nalo, akasimama nalo ukutani. Alilima nalo pia, kwa sababu ilipofika wakati wa plau hapakuwa na wa kuishika, na ng'ombe alichoka kucheka wanawake akakubali kuvuta.

Majira ya kuchipua ndege ilimwaga vikaratasi: anayeshuka na karatasi na kitambaa cheupe hatauawa, wala nyumba yake haitaulizwa. Wanajeshi wapya walipiga kambi shuleni. Ilisemekana waliofikishwa shuleni walipandishwa malori kwenda mjini wakiwa hai. Ilisemekana pia waliofikishwa kituoni kwa Sajenti Pyo hawakufika popote. Kati ya lango la kijiji na shule, kituo kilikuwa njiani.

Mchana mmoja, Wolson na Kumdan wakiwa langoni, mtu alitokea kwenye shayiri changa akiwa na fimbo yenye kitambaa. Alikuwa nywele na ndevu tupu, miguuni amefunga magunia.

"Simama hapo!" Wolson alipaza sauti, akaelekeza mkuki. "Mikono juu! Onyesha karatasi!"

Mtu yule akainua karatasi. Alimtazama mlinzi aliyevaa suruali ya kiume na kujifunga shuka usoni, akaonekana kuogopa. Wolson akaivuta shuka chini.

"Mama Kyongja," alisema yule mtu.

Kumdan aliushika mkuki wa Wolson kwa sababu ulikuwa unataka kuanguka.

"Mtoto mzima?" Dugil aliuliza.

"Mzima."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha, badala ya kuomba maji, akauliza jambo ambalo kwa dhahiri alikuwa amelibeba kwa miezi. "Ukoo umemweka nani?"

"Kumweka nani wapi?"

"Mahali pangu. Nilikuwa kilimani siku ile, nimelala kwenye nyasi nangoja giza. Nikaona mwanamume amevaa joho langu, Baba Mkubwa anammiminia. Nikajua basi, wamenizika. Wamechukua mtoto wa watu wakamfanya mrithi. Nyumba yangu, baba yangu, na pengine na…" Hakumaliza. "Nikageuka. Nilitaka kufa, lakini sikushuka."

"Nilikuwa mimi," Wolson akasema.

"Wewe nini?"

"Aliyevaa joho."

Dugil akamgeukia Kumdan, kama anayetafuta mtu mwenye akili timamu. Kumdan akamnyooshea Wolson kidole.

"Baba Mkubwa alikumiminia wewe?"

"Ndiyo."

Macho ya Dugil yakahesabu jambo. "Basi baba hajala," alisema kwa sauti ndogo. "Ningejua ni wewe ningeshuka usiku ule ule."

Wolson akaona jikoni kwake. Aliona viatu, moto uliozimwa, kiganja chake juu ya mdomo wa Kyongja, na mlango ukifunguka. Baridi ilimpanda kutoka nyayoni, kali kuliko usiku ule wenyewe, kwa sababu usiku ule aliamini kuna kitu kinamlinda. Kumbe hakikuwapo. Kilichookoa roho zao kilikuwa kamba mbili za kofia chini ya kidevu. Alitamani kumpiga kwa ule mkuki, na kumkumbatia, na hakuwa na nafasi ya kufanya hata kimoja.

"Kituo kiko njiani," Kumdan alisema taratibu. "Wakimchukua pale hamtaonana tena. Piteni katikati ya barabara, mchana huu huu, kila mtu aone."

Wolson akatangulia. Tangu waoane hakuwahi kutembea mbele ya mume wake. Sasa alitembea mbele, mkuki juu, akipaza sauti ile ya baharini, ya kuitana kati ya mawimbi: "Ko Dugil ameshuka mwenyewe! Ana karatasi! Ko Dugil ameshuka, ana karatasi!" Wanawake wakatoka majumbani na mikono yenye unga, wakatoka mashambani, wakatoka ufukweni nywele zikidondosha maji, wakaanza kufuata. Wengine walikuwa na waume waliouawa mlimani. Wengine na waume waliouawa na watu wa mlimani. Walifuata tu, bila neno.

Chilbok alikuwa mlangoni mwa kituo. Aliinua bunduki nusu. Alitazama ile barabara iliyojaa, akageuza uso ndani kumtafuta Sajenti, na kabla Sajenti hajatoka walikuwa wamepita. Wolson hakugeuka nyuma, ngozi ya mgongo wake ikingoja risasi hadi geti la shule.

Ofisa aliichukua karatasi, akaisoma pande zote mbili ijapokuwa upande mmoja ulikuwa mtupu, akamwonyesha Dugil lori. Wengi waliopanda malori yale hawakurudi. Dugil alirudi vuli, amekonda, jino moja limebaki upande wa kushoto. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua hilo, na Wolson alisimama karibu na gurudumu bila kujua kama anamuaga mtu au maiti.

Dugil aliinama kutoka juu, katikati ya vichwa vya wengine.

"Ulimpikia nini?"

"Wali."

"Wa shayiri?"

"Mweupe. Bakuli zima."

Alifikiri sana, kama baba yake yuko mbele yake na anamtazama tumbo. "Mweupe," alirudia. Dereva akawasha injini.

Wolson alilitazama lori hadi vumbi likatulia. Kisha akarudi langoni, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha, na ilimbidi apite tena mbele ya kituo, safari hii peke yake.